Ami, anko, mama, bibi: majina ya ndugu yanavyovuka lugha

Barua nyingi za safari hii zimetoka Arusha na Moshi, na karibu zote zinazungukia jambo moja: jina la ndugu mnalotumia nyumbani mnalikuta kwa watu wengine, pengine kwa maana ileile, pengine kwa maana iliyogeuka kabisa. Tumechagua saba. Nyingine zimefupishwa ili majibu yapate nafasi.

SWALI: Shikamooni. Mume wangu ni mtu wa Tanga, tunaishi Bondeni, Arusha. Watoto wanamwita ndugu wa baba yao "ami". Mimi kwetu Machame nimezoea kusema baba mdogo. Sasa mwanangu amegundua kwamba Waazabajani nao wanasema "əmi", na maana ni hiyohiyo. Inawezekanaje, na Azabajani iko mbali hivyo?

JIBU: Marahaba, mama. Mwanao yuko sahihi, na si bahati tu: ni neno moja lililofika sehemu mbili kwa njia mbili. Chanzo ni Kiarabu, 'amm, yaani ndugu wa kiume wa baba. Mwarabu anapotaka kusema "wangu" huongeza -i mwishoni, ikawa 'ammi. Mtoto haiti "'amm!", huita "'ammi!". Waswahili walilichukua neno vile walivyolisikia likiitwa uani, ile -i ya umiliki ikaganda humohumo, na leo tunasema "ami yangu" bila kujua kwamba "yangu" imeingia mara mbili. Sauti ya ain inayotoka kooni ikaanguka kwa kuwa Kiswahili hakina, na m mbili zikawa moja.

Halati limepita njia hiyohiyo. Kwa Kiarabu ndugu wa kike wa mama ni khala. T haisikiki mtu akilitaja peke yake, lakini akisema "khala wangu" inajitokeza: khalati. Kwa hiyo t iliyomo katika halati inatuonyesha kwamba kilichochukuliwa ni mwito, si jina la kwenye orodha. Hili ndilo jambo la kwanza la kushika katika habari yote hii: majina ya ndugu huvuka lugha yakiwa katika umbo la kuitia. Umbo la kutajia, lile la "mama yake fulani", mara nyingi hubaki kwao.

Kwa upande wa kaskazini neno lilikwenda pamoja na Uislamu, utawala na ndoa. Kiajemi kina amu, Kituruki kina amca, Kibosnia kikapata amidža kupitia Waturuki, Kiazabajani kina hiyo əmi ya mwanao. Huku kwetu ndoa zilifanya kazi kubwa: mfanyabiashara wa Hadhramaut, kusini mwa Uarabuni, akioa pwani, watoto walimwita ndugu ya baba yao kwa jina alilokuja nalo. Madrasa nazo zikalikaza, maana hakuna asomaye habari za Mtume asikutane na ami zake, Abu Talib na Hamza.

Katika lugha zote hizo nne ami amebaki upande wa baba. Usidhani basi kila neno hutunza upande wake. Khala kwa Kiajemi na Kiurdu bado ni ndugu wa mama, lakini Waturuki wakisema hala wanamaanisha shangazi, na ndugu wa mama wanamwita teyze. Neno lilifika zima, upande ukageuka.

Nyumbani kwako yaachie maneno yote mawili. "Baba mdogo" linaeleza kitu ambacho "ami" halielezi, kwamba huyu kazaliwa nyuma ya baba. Wanaotaka vyote husema ami mkubwa na ami mdogo. Na mwanao akikutana na "Amu" katika mashairi ya zamani, asikimbilie kusoma ndugu wa baba: mara nyingi huko ni kisiwa cha Lamu.

SWALI: Katika familia yetu hapa Majengo, Moshi, tunaandaa orodha ya ndugu wa marehemu kwa ajili ya mirathi. Kila mtu ameandikwa "binamu". Mzee mmoja amekataa orodha, anasema haifai. Kwa nini?

JIBU: Mpeni pole mzee kwa usumbufu, maana ana haki. Binamu limetokana na bin 'amm, mtoto wa kiume wa ami. Kiarabu kina majina manane kwa watoto wa ndugu za wazazi: wa ami, wa shangazi, wa mjomba na wa halati, kila mmoja akiwa wa kiume au wa kike. Kiswahili kilichukua moja kati ya manane kikalifanya la wote, hata la mwanamke. Lipo pia "bintiamu", lakini siku hizi hulisikii sana.

Kwa mazungumzo ya kila siku hakuna kilichoharibika. Kwa mirathi ya Kiislamu kimeharibika. Mtoto wa kiume wa ami, yule ambaye baba yake amechangia baba na baba wa marehemu, ni katika asaba, wale wanaochukua kinachobaki baada ya wenye mafungu yao. Mtoto wa mjomba au wa halati ni dhawil-arham, ndugu wa damu asiye na fungu wala si asaba, na hafikiwi maadamu asaba wapo. Wote wawili mmewaandika "binamu". Futeni neno hilo katika orodha nzima, kila mstari uandikwe kwa hatua: "mtoto wa kiume wa Fulani, ambaye ni ndugu wa baba wa marehemu, kwa baba na mama". Kama ni kwa baba tu au kwa mama tu, liandikwe hivyo. Kisha mpelekeeni kadhi au sheikh anayejua faraidhi, elimu ya kugawa mirathi, kabla hamjafika mahakamani.

SWALI: Nina duka la vitambaa Moshi mjini. Mteja wangu Mgujarati alikuja na mwanamume mzima akasema "huyu ni mama yangu". Nilidhani kateleza ulimi. Baadaye nikasikia na Wakikuyu wana hilo. Je, Wakikuyu walilitoa kwa Wahindi?

JIBU: Hakuteleza. Kwa Kigujarati mama ni mjomba, na mke wa mjomba ni mami. Ukipata wateja wa huko yakupasa uwe na orodha hii karibu: kaka ni ndugu wa baba, mke wake kaki, foi ni shangazi, masi ni ndugu wa kike wa mama, dada ni babu mzaa baba na dadi ni bibi mzaa baba, nana na nani ni babu na bibi wazaa mama. Mteja akikuambia "nguo hii ya dada", uliza vipimo kwanza usije ukakata gauni.

Kwa Kikuyu pia mama ni mjomba, na hawakukopa kwa Wahindi. Mtoto mchanga wa taifa lolote huanza na sauti za midomo, m, b na p, zikifuatwa na a, kisha hurudia silabi. Wakubwa wanaomzunguka ndio wanaoamua sauti ile inamhusu nani. Mwaka 1959 mwanaanthropolojia George Peter Murdock alichapisha majina 1,072 ya wazazi kutoka lugha za dunia nzima, 531 ya mama na 541 ya baba. Mwanaisimu Roman Jakobson aliyachambua akaonyesha kwamba sauti za puani, m na n, zinaelemea sana upande wa mama, na akaeleza sababu: mtoto akiwa ananyonya, mdomo umeziba, sauti inayoweza kutoka ni ya puani. Kuelemea lakini si sheria. Kwa Kijojia, kule Kaukazi, mama ni baba mzazi, na mama mzazi ni deda.

Kwa hiyo neno la silabi moja iliyorudiwa, kama mama, baba, kaka, dada, nana, tata, halithibitishi lolote kwa kufanana tu. Ukisikia Mkurdi akimwita kaka yake mkubwa "kak", au Mturuki akimwita babake "baba", usianze kuchora njia ya majahazi. Kufanana huku hutokea kila mahali penye watoto. Ili mtu aseme limekopwa anahitaji kitu zaidi: mabaki ya sarufi ya kigeni ndani ya neno, kama ile t ya halati, au hati za zamani zinazoonyesha neno likiingia.

SWALI: Shangazi yangu amekasirika kwa kuwa watoto wangu wanamwita "anti". Anasema nimemshusha cheo. Mimi naona ni heshima ya kisasa. Nani ana haki? Niko Sakina, Arusha.

JIBU: Shangazi ana haki, na tunamuunga mkono bila kusita.

Tuanze na neno lake. Shangazi halikuja na chombo, ni la Kibantu tangu asili. Mnyankole husema ishenkazi, Mganda ssenga, Mnyarwanda masenge, na wote wanamtaja ndugu wa kike wa baba, si mwingine. Neno lina vipande viwili. Cha mbele ni "baba", kama ishe ya Kinyankole na se ya Kinyarwanda, yote mawili yakiwa na maana ya baba yake. Cha nyuma ni -kazi, mwanamke, kile tunachokiona katika mkazamwana, mke wa mtoto, na mkazamjomba, mke wa mjomba. Shangazi basi ni baba wa kike. Wazulu wamelijenga upya kwa matofali yaleyale: ubabekazi. Na mjomba wao ni umalume, mama pamoja na -lume, ambayo ni -ume yetu ya mwanamume, yaani mama wa kiume. Wachewa nao husema malume. Hapa kufanana kuna uzito, kwa sababu si silabi ya mtoto iliyorudiwa. Ni neno refu lenye viungo viwili, maana finyu ileile, katika lugha ambazo undugu wake unaonekana kwa maelfu ya maneno mengine.

Sasa anti. Kwa Kilatini amita alikuwa ndugu wa kike wa baba, shangazi kamili. Ndugu wa kike wa mama alikuwa matertera. Avunculus alikuwa mjomba, na ndugu wa baba alikuwa patruus. Majina manne, pande mbili. Kifaransa kikabakiza mawili, amita na avunculus, na mawili hayo yakaingia Uingereza baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka mwaka 1066. Kiingereza cha kale kilikuwa na manne yake: faþu kwa shangazi, modrige kwa ndugu wa mama, fædera kwa ndugu wa baba, eam kwa mjomba. Yote yakafukuzwa na "aunt" na "uncle". Wajerumani nao waliacha Oheim na Muhme wakachukua Onkel na Tante kutoka Kifaransa. Waindonesia wanasema om na tante kwa sababu ya Waholanzi. Huku kwetu likapitia shuleni na mijini, likawa anko na anti.

Angalieni lilivyokuwa likipungua njiani. Kilatini lilibeba upande mmoja. Kiingereza likabeba pande zote mbili, na hata wake wa wajomba. Tulipolipokea sisi, anti akawa pia msichana wa kazi, mhudumu wa hotelini, mwalimu wa chekechea na dada yeyote usiyemjua jina. Mtoto anayemwita shangazi yake anti anamwita kwa jina ambalo muda huohuo anamwita muuza vocha. Hasira ya shangazi ina msingi.

Kuna na hasara ya kazi. Panapofika mahari, kumfunda binti au kikao cha ukoo, shangazi ana kiti chake na mjomba ana chake. Andika tangazo la kifo la redioni: "habari ziwafikie anko wake aliyeko Boma Ng'ombe". Ni wa ukoo upi? Watu wa kwa baba watafikiri ni wa kwa mama, wa kwa mama watafikiri ni wa kwa baba, na anayepaswa kupigiwa simu kwanza atasikia mwisho. Kwa tangazo, kadi ya harusi na muhtasari wa kikao, andikeni baba mkubwa, baba mdogo, mjomba, shangazi, mama mkubwa, mama mdogo. Nyumbani "bamdogo" na "mamdogo" hayana ubaya, yamefupishwa lakini hayajapoteza kitu. Wasomali wanaoishi nasi Arusha wamelinda hilo kwa namna ileile: ndugu wa kike wa mama kwao ni habaryar, na yar ni ndogo.

SWALI: Nafanya kazi Namanga. Mkenya aliniambia "bibi yangu ana miaka ishirini na tano". Nilicheka, akakasirika.

JIBU: Alikuambia habari za mke wake. Bibi kwa Kiajemi ni mwanamke wa heshima, pia bibi mzaa wazazi. Lilipokwenda kwa Waazabajani likawa shangazi. Kwa Kiurdu bibi limebaki la heshima, na biwi, lililotokana nalo, ndilo mke. Kiswahili cha pwani kililitumia kwa mwanamke mwenye nyumba na kwa mke pia. Kenya ikashika mke, Tanzania ikashika mzaa wazazi na cheo cha heshima katika barua. Ukiwa mpakani sema "mke wangu" na "nyanya" au "bibi mzaa mama", hakuna atakayekosea. Na umwombe radhi.

SWALI: Hapa Arusha tunawaita akina mama wa Kimasai "yeyo". Ni heshima au ni dharau?

JIBU: Neno lenyewe ni la heshima, ni mwito wa mtoto kwa mama yake. Ndiyo maana limeingia mjini kirahisi. Umbo la kutajia ni jingine: mama wa fulani ni ngoto fulani, na hilo halikuvuka. Dharau huja na namna ya kulitamka. Ukimpigia mtu kelele barabarani "we yeyo, bei gani hiyo!", hata "mama" lingekuwa tusi. Kwa mwanamke mzee zaidi liko koko, bibi. Msalimie kwanza, ndipo umwite.

Mnaoandika barua za ofisi mmeuliza pia juu ya "Ndugu". Ni jina la ukoo lililopewa kazi ya siasa. Wakati wa ujamaa, hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, likawa cheo cha kila mwananchi, mke kwa mume, na ufupisho wake Ndg. bado uko kwenye bahasha. Halikubadili lugha, lilibadili kazi.

SWALI: Niko kidato cha sita, Moshi. Nataka kukusanya majina ya ndugu kwa Kichaga cha kwetu, Kipare na Kimasai, nione yapi yamekopwa. Nianzeje, na niepuke nini?

JIBU: Usianze na orodha ya maneno ya Kiswahili ukamwambia mzee "hili mnaliitaje". Ukiuliza "mjomba mnamwitaje", atakutafutia neno linalokaribia hata kama kwao ndugu wa mama mkubwa na mdogo wana majina tofauti. Chora ukoo kwa mawe au vizibo vya soda mezani: mawe kwa wanaume, vizibo kwa wanawake, wazazi juu, watoto chini. Shika kizibo kimoja, uliza, "huyu, aliyezaliwa pamoja na baba yako, mkubwa kwake, unamwitaje?"

Nafasi za kuanzia ni 16: baba, mama, ndugu wa kiume wa baba mkubwa na mdogo, ndugu wa kike wa baba, ndugu wa kiume wa mama, ndugu wa kike wa mama mkubwa na mdogo, babu na bibi wa pande zote mbili (hao ni wanne), kaka, dada, mtoto wa ndugu wa baba, mtoto wa ndugu wa mama. Wakwe na mashemeji waache kikao cha pili, usiwaulize mbele ya mkwe yeyote, maana kuna nyumba ambamo jina la mkwe halitamkwi.

Kwa kila nafasi andika vitu vitano: neno la kuita, neno la kutaja, umbo la "yangu, yako, yake", wingi, na kama mwanamke na mwanamume hulisema tofauti. Safu ya tatu ndiyo watu huiruka, na ndiyo yenye hazina. Katika lugha nyingi za Kibantu baba yangu, baba yako na baba yake ni maneno matatu tofauti. Mnyarwanda husema data, so, se. Kwa mama ni mama, nyoko, nyina. Ndiyo, nyoko, mama yako. Kwa Kiswahili limebaki tusi tu, na nina limebaki kwenye ushairi. Ukisikia sauti kama hiyo kwa mzee, usicheke wala usiifute, iandike ilivyo.

Makosa yatakayokuharibia kazi ni mawili hasa. La kwanza ni rika. Mmasai huwaita baba wanaume wote wa rika la baba yake, kwa hiyo ukimwonyesha mtu aliye hai na kuuliza "huyu unamwitaje", utapata jina la rika, si la damu. Ndiyo maana tunasema mawe na vizibo. Wamasai pia huitana kwa zawadi ya mfugo waliopeana, pakiteng kwa ng'ombe, paker kwa kondoo, na hayo si majina ya ukoo kabisa. La pili ni kuuliza mtu mmoja. Waulize angalau watatu wa kijiji kimoja, mmoja wao mwanamke, kila mmoja peke yake, kisha kwa Kichaga rudia kijiji kingine, kwa sababu cha Rombo na cha Machame havilingani.

Ukimaliza, pitisha kila neno kwenye maswali haya kwa mfuatano. Je, ni silabi moja iliyorudiwa? Liweke kando, halithibitishi kitu. Je, lina kiambishi cha watu kama m- na wa-, au viungo vya Kibantu ndani yake? Mjomba na wajomba ni mfano. Hilo linaelekea kuwa la asili. Lakini kukosa kiambishi si ushahidi wa kukopwa, maana baba na babu hayana, na shangazi halina. Je, lipo katika lugha za mbali ambazo hazikufanya biashara na pwani, kwa maana finyu ileile? La asili. Je, lipo Kiswahili na Kiarabu, na kijijini kwenu linatumiwa na nyumba za Waislamu au za mjini tu? Limekopwa, na njia yake unaijua. Andika pia umri wa kila aliyekujibu, kwa sababu neno ambalo wenye miaka 70 wanalo na wenye miaka 20 hawana, na mahali pake wamesema anko, ndilo la kurekodi kwanza.